Mshono wa Chuma

Vitu viwili vilivyotengana havirudi kuwa kimoja bila ya kitu cha tatu. Nguo huungwa kwa uzi, mkeka huungwa kwa ukindu, ndugu waliogombana huungwa kwa neno la mzee, na chuma huungwa kwa moto. Lakini kila muungo una desturi yake ya kutazamwa. Mshono wa nguo hufichwa upande wa ndani. Mshono wa mkeka hubanwa mpaka usionekane. Suluhu ya ndugu haitajwi tena mbele za watu. Mshono wa chuma peke yake hukaa nje, juu ya kiungo, ukionwa na kila apitaye. Kwa sababu hiyo mafundi wameutamani uwe mzuri, na kwa sababu hiyo hiyo uzuri wake umepata kuwa na hatari.

Mtu apitaye katika mitaa ya Nachingwea au ya Ruangwa hawezi kukosa kuiona kazi hii. Mageti ya nyumba, grili za madirisha, vitanda, majiko, mikokoteni, matrela ya matrekta, na vyuma vya mashine za kupulizia dawa mikorosho, vyote hupita mikononi mwa fundi wa kuchomelea. Mshono unaosifiwa kuliko yote ni ule unaofanana na sarafu zilizolazwa kwa safu, kila moja imelalia nusu ya mwenzake, hazikupishana kwa ukubwa wala kwa nafasi. Mwenye kuuona kwa mara ya kwanza hudhani umetoka katika kalibu. Mvuvi wa Lindi angeufananisha na magamba ya samaki, na mwanamke asukaye ukili angeyatambua ndani yake mapigo ya vidole vyake mwenyewe: kunja, vuta, kunja, vuta, pasipo pigo moja kuzidi jingine.

Nchi hii ilizoeana na chuma kwa namna ya ajabu. Kabla ya umeme, chuma kiliungwa na mhunzi, kwa mivuo na nyundo; ncha mbili zilipashwa moto mpaka zikawa nyeupe, zikapigwa mpaka zikashikana. Kisha mwaka 1947 ukaanza ule Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza, uliokusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zake katika Tanganyika, na Nachingwea ikawa mojawapo ya mahali patatu palipochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Yaliletwa matrekta na mashine zilizobaki katika vita, na hata vifaru vya kijeshi viligeuzwa kuwa matrekta ya kung'olea visiki. Reli ilijengwa kutoka pwani hadi Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimekwisha potea. Reli nayo haikuona maisha marefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa, na vyuma vyake vikang'olewa. Shamba la 17, mojawapo ya mashamba ya mpango huo, lilikuja kuwa kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji. Karanga hazikustawi kama ilivyotumainiwa, walakini wako watu waliovuna kitu ambacho hakikuandikwa katika hesabu za mpango: walivuna kazi. Vijana waliokwenda kushika taa na kubeba nyundo katika karakana za mashine walitoka humo wakijua kwamba chuma kilichovunjika si maiti, bali ni mgonjwa.

Mmoja wa vijana wale alimzaa fundi anayesimuliwa hapa. Fundi huyu ana karakana yake Nachingwea, kibanda cha mabati kilicho wazi upande mmoja, na umri wake umekwisha pita miaka sitini. Baba yake hakumwachia shamba wala nyumba ya maana. Alimwachia mazoea ya kugonga chuma na kusikiliza mlio wake kabla ya kukigusa kwa moto. Dada yake aliolewa Ruangwa, na mtoto wa kiume wa dada huyo alipomaliza shule bila ya kupata njia nyingine, alipelekwa kwa mjomba wake. Katika nchi ya Wamwera jambo hili halihitaji barua wala mashauri marefu. Mtoto wa dada ni wa mjomba, na mjomba ndiye mlango wa kwanza kubishwa.

Kijana alifika asubuhi akiwa na mfuko mmoja wa nguo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba wangu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Amesema nije nijifunze."

"Basi kaa hapo utazame. Lakini usiutazame mwali. Utazame mkono wangu."

Alitazama mkono kwa siku nyingi kabla ya kupewa rodi. Kwanza alifundishwa kuyalinda macho, maana wako mafundi wanaochomelea kwa miwani ya jua, na usiku hulala na kitambaa cha maji baridi usoni wakihisi kama wametiwa mchanga chini ya kope. Mwali wa umeme una nuru isiyoonekana ichomayo mboni kama jua lichomavyo ngozi, na kioo cha rangi nyepesi hakizuii. Pili alifundishwa kukata, kusafisha, na kunyoosha. Miezi ikapita ndipo akakabidhiwa mkono wa mashine.

Mshono wake wa kwanza ulisimama juu ya chuma kama mnyoo. Aliuliza sababu, na mjomba akamwambia kwamba umeme wake ulikuwa mdogo na mkono wake ulikuwa na pupa. Rodi ya unene wa milimita 2.5 hutaka ampea 60 hadi 90, na ile ya milimita 3.2 hutaka ampea 90 hadi 130, kwa kadiri ya unene wa chuma na mlalo wa kazi. Umeme ukipungua, chuma cha rodi huyeyuka na kudondoka juu ya chuma kingine kisichoyeyuka, mfano wa nta iliyomwagwa juu ya jiwe. Hukaa, lakini hakikushika. Umeme ukizidi, kingo za mshono huliwa zikafanya mifereji, na bamba jembamba hutoboka. Tena umeme wa mjini haukai mahali pamoja. Jioni, watu wawashapo taa na majiko, nguvu hushuka, na fundi aliyepima mashine yake asubuhi hana budi kuipima upya. Fundi mzee hakuitazama sana namba ya mashine. Alisikiliza. Mwali mzuri hulia kama mafuta yakaangayo samaki, mfululizo na bila ya kukohoa.

Baada ya umeme ni nafasi. Kati ya ncha ya rodi na chuma panatakiwa pengo lisilozidi unene wa waya wa rodi yenyewe. Pengo likiwa refu, mwali hutangatanga, matone huruka huku na huku, na hewa huingia katika chuma kioevu ikaacha vitundu. Pengo likiwa fupi mno, rodi hunata. Na kwa kuwa rodi inazidi kufupika kadiri inavyoungua, mkono wa fundi hauna budi kushuka wakati ule ule unapokwenda mbele. Hapa ndipo wanafunzi wengi hushindwa, maana mkono hutakiwa kufanya safari mbili kwa pamoja, moja ya kwenda chini na moja ya kwenda mbele, na jicho linaona nukta moja tu ya nuru. Rodi yenyewe hulazwa kidogo, nyuzi 10 hadi 20 kutoka wima, upande wake wa juu ukiinamia kule fundi anakokwenda, ili mwali uyasukume maganda nyuma na kuacha kidimbwi cha chuma kikiwa wazi mbele ya jicho.

Kidimbwi hicho ndicho siri ya mambo yote. Mwanafunzi hutazama mwali kwa sababu unang'aa. Fundi hutazama kidimbwi kilicho nyuma yake. Ni kama tone la mchuzi mwekundu, duara au mfano wa yai, na humo ndimo chuma viwili vinakuwa kimoja. Fundi anapotulia kidogo, kidimbwi hutanuka mpaka kifike kingo zote mbili. Anaposogea, sehemu ya nyuma hupoa na kuganda, na mpaka wa kuganda kwake hubaki juu ya mshono kama alama ya maji yaliyokupwa ufuoni. Atulie tena, asogee tena, na alama ya pili italala mbele ya ya kwanza. Hivyo ndivyo sarafu zinavyopangwa. Hazichorwi na mtu. Ni nyayo za kidimbwi. Mkono uliotulia kwa kipimo kimoja na kusogea kwa kipimo kimoja huacha nyayo zinazolingana, na mkono wenye wasiwasi huacha nyayo za mlevi. Mjomba alimfundisha mpwa wake kuhesabu kimoyomoyo, moja, mbili, kama wanawake wawili watwangao katika kinu kimoja, ambao mchi wa mmoja ukipoteza wakati, yote mawili huharibika, mtama na mchi.

Sarafu zilizo dhahiri kuliko zote hutoka katika njia nyingine ya kuchomelea, isiyotumika sana katika karakana ndogo. Mwaka 1941 mhandisi mmoja wa Marekani, Russell Meredith, akiwa katika kiwanda cha ndege cha Northrop, alitengeneza namna ya kuunga magnesi kwa sindano ya tungsteni isiyoyeyuka, iliyozungukwa na gesi inayoizuia hewa. Mkono mmoja wa fundi hushika sindano, na wa pili huchovya waya katika kidimbwi, tone kwa tone. Kila tone huwa sarafu moja. Basi umbo hilo, ambalo leo hutamaniwa kama pambo, ni alama tu iliyoachwa na kazi iliyofanywa kwa utaratibu. Mafundi wa rodi waliliona, wakalipenda, wakatafuta kulipata kwa rodi zao kwa kutulia na kusogea. Hapana ubaya katika kuiga huko, maadamu mwigaji anakumbuka kwamba alama imefuata kazi, wala kazi haikufuata alama.

Mpwa hakukumbuka. Baada ya mwaka wa pili mkono wake ulikuwa umemshinda mjomba wake kwa wepesi. Mishono yake ilikuwa mizuri hata wateja walikataa isipakwe rangi. Mwenye geti alileta rafiki yake kulitazama, na rafiki akaagiza lake. Vijana wa karakana nyingine walipita jioni, wakainama, wakapitisha kidole juu ya sarafu, wakaondoka bila ya kusema neno, na hakuna sifa ya fundi kwa fundi ipitayo hiyo. Mjomba alifurahi, lakini jicho lake lilikaa mahali pengine. Mara kwa mara alichukua kipande cha majaribio cha mpwa, akakibana katika jiliwa, akakipiga nyundo mpaka kikajikunja au kikavunjika. Kikijikunja alikitupa bila ya neno. Kikivunjika alimwita mpwa aje atazame ndani. Kijana alikuja, akatazama, akarudi kazini, na moyoni aliona mzee anaharibu kazi nzuri kwa sababu ya wivu wa uzee.

Ikafika miezi ya kupuliza dawa. Mikorosho ya kusini hushambuliwa na ubwiriunga, ugonjwa unaoyapaka maua ukungu mweupe na kuyakausha, na dawa yake ya siku nyingi ni salfa ya unga. Mifuko ya salfa hubebwa kwa malori na matrela, ikapelekwa vijijini, na unga wake wa manjano huingia katika kila ufa wa chuma. Mwenye trela mmoja wa upande wa Ruangwa alileta trela lake Nachingwea, ule mkono unaolifunga kwenye trekta ukiwa umepasuka shinani. Alikuwa na mizigo ya watu na alitaka kuondoka siku ile ile. Mjomba hakuwapo, alikuwa amekwenda mazikoni. Mpwa aliipokea kazi.

Aliusafisha mkono wa trela kwa brashi ya waya, upesi upesi, kwa kuwa mwenyewe alikuwa amesimama juu yake akitazama saa. Manjano yaliyokuwa juu yalitoka. Manjano yaliyokuwa ndani ya ufa hayakutoka. Alipowasha mwali alisikia harufu kama ya viberiti vingi vilivyowashwa pamoja, moshi ukamkaba koo, akageuza uso, akaendelea. Mshono ule ulikuwa mrefu wa shibiri mbili, na yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba hajapata kushona mwingine mfano wake. Alipoligonga ganda jeusi likadondoka zima, na chini yake zikatokea sarafu zinazong'aa, hakuna iliyopotea safu. Katikati ya safu hiyo, kutoka sarafu ya kwanza hadi karibu ya mwisho, ulipita mstari mwembamba kama unywele.

Aliuona. Neno hili ndilo kiini cha habari yote. Alijiambia kwamba ni mkwaruzo wa brashi. Alijua pia kwamba kama si mkwaruzo, dawa yake ni moja tu: kuchukua grenda, kuukata mshono wote mpaka chini, kusafisha, na kuanza tena. Alitazama grenda, akatazama mshono, akamtazama mwenye trela ambaye tayari alikuwa akisifu. Akachukua kopo la rangi.

Yale yaliyotokea ndani ya chuma yanaelezeka kwa urahisi. Salfa ikiingia katika chuma kioevu huungana nacho ikafanya kitu kinachobaki majimaji hadi joto lishuke kufikia nyuzi 988, ilhali chuma chenyewe huganda karibu na nyuzi 1,500. Mshono unapopoa, chuma huganda kutoka kingoni kuelekea katikati, na ule mchanganyiko wa salfa husukumwa mbele mpaka ukakusanyika katika mstari wa kati, ukiwa bado maji wakati sehemu nyingine zote zimekwisha kuwa ngumu. Na chuma kinachopoa hujikunyata, kila upande ukivuta kwake. Wakivutana wawili na katikati yao pana maji, lazima patengane. Ufa wa namna hii huzaliwa pamoja na mshono, kabla haujabeba mzigo wowote. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na mshono ule ulikuwa mkakasi wa chuma.

Trela lilikwenda safari mbili salama. Katika safari ya tatu, likiwa limejaa mifuko, na vijana wawili wamekaa juu ya mizigo, lilikatika mkono kwenye mwinuko. Trekta liliendelea mbele, trela likarudi nyuma, likaacha njia, likapinduka. Kijana mmoja aliruka akapona. Wa pili aliangukiwa na mifuko akavunjika mguu. Alilazwa, akatibiwa, akapona kwa kadiri mifupa inavyopona, na mpaka leo huchechemea.

Vipande vya chuma vililetwa karakana kwa mjomba. Mwenye trela hakuja na hasira. Alikuja akiilaumu njia, na mashimo yake, na dereva aliyekwenda kwa kasi. Wala haikuwa uongo kwamba njia ilikuwa mbaya. Mjomba angeweza kutikisa kichwa, akamwonea huruma, akamtengenezea kwa nusu ya bei, na jambo likaishia hapo. Alivichukua vipande vile, akaviosha kwa mafuta ya taa, akavipeleka penye jua. Chuma kilichovunjika kwa kuzidiwa nguvu hubaki na uso mpya wenye kumeta. Uso huu ulikuwa mpya pembeni tu. Katikati, kwa urefu karibu wote, ulikuwa mweusi na wenye kutu, kama jeraha lililokaa siku nyingi. Na ufa ulikuwa umepita katikati ya sarafu zote, ukizigawa nusu kwa nusu.

Alimwita mpwa. "Mjomba," alimwambia, "tazama humu."

Kijana alitazama, naye akajibu kabla ya kuulizwa. "Niliuona. Niliuona kabla ya kupaka rangi."

Mzee alikaa kimya kwa muda. Kisha akamgeukia mwenye trela, akamwambia kwamba kosa ni la karakana, wala si la njia, na kwamba gharama ya hospitali na ya trela ataibeba yeye. Mwenye trela alishangaa kuliko alivyofurahi. Karakana ilikuwa na mashine mbili. Siku chache baadaye ilibaki moja. Watu wa jirani walimwona mzee kuwa mjinga, wakasema kwamba mtu hajishitaki penye mashaka. Yeye alijibu kwamba penye chuma kilichopasuka hapana mashaka, chuma kimekwisha toa ushahidi. Mpwa alifanya kazi miezi mingi bila ya malipo, na kila juma alikwenda kumjulia hali yule kijana aliyevunjika mguu, mpaka aibu ikageuka kuwa ujamaa.

Haifai kudhani kwamba mambo haya ni ya karakana za mabati peke yake. Tarehe 16 Januari 1943, huko Portland katika jimbo la Oregon, Marekani, meli ya mafuta iitwayo Schenectady, ambayo mabamba yake yalikuwa yameungwa kwa kuchomelewa badala ya kupigwa ribiti, ilipasuka karibu vipande viwili ikiwa imefungwa gatini, maji yakiwa shwari, mara baada ya safari yake ya majaribio. Meli nyingine za vita zilizoundwa kwa haraka nazo zilipata nyufa. Wataalamu, miongoni mwao Constance Tipper wa Chuo Kikuu cha Cambridge, walionyesha kwamba chuma kilichotumika kilikuwa chepesi kuvunjika penye baridi. Na mishono mibovu ilikuwa mahali ambapo nyufa zilipata kuanzia. Katika meli ya ribiti ufa hufika mwisho wa bamba ukasimama. Katika meli iliyochomelewa hakuna mwisho wa bamba. Chuma chote ni kimoja, na ufa hupata njia kutoka ubavu hadi ubavu. Kuunga kwa hakika ni jambo kubwa, maana kinachounganisha nguvu huunganisha na udhaifu pia.

Baada ya ajali ile, karakana ilipata desturi mpya. Chuma chochote kilichobeba salfa huoshwa kwa maji na sabuni, hukaushwa, ndipo husagwa kwa grenda mpaka kiwe cheupe hadi ndani ya ufa, wala hakiguswi na moto kabla ya hapo. Rodi hutunzwa mahali pakavu, maana unyevu nao huacha vitundu ndani ya mshono. Kazi yoyote itakayobeba watu au kupita juu ya watu hutanguliwa na kipande cha majaribio cha chuma cha namna ile ile, kikachomelewa, kikabanwa katika jiliwa, kikapigwa nyundo mpaka kisema kweli. Mshono wa kweli hujikunja pamoja na bamba. Mshono wa uongo hufunguka kama ganda la karanga. Na mara nyingi mzee hukata kipande kwa msumeno, akakisugua uso mpaka ukalainika, ili mwanafunzi aone kama chuma cha rodi kimeingia ndani ya mabamba yote mawili au kimelala juu yake tu.

Mtu asije akasema kwamba fundi huyu ameuchukia uzuri. Mpwa wake bado anapanga sarafu, na sasa anazipanga vizuri kuliko zamani. Mshono uliolingana una ushahidi wake: unaonyesha kwamba umeme haukubadilika, mkono haukutetemeka, na mwendo haukuvunjika. Mshono wa ovyo ni shaka kwa wazi, na fundi anayejivunia ubaya wa mshono wake kwa kisingizio cha nguvu anadanganya kwa njia ya pili. Lakini uzuri ni shahidi wa nje. Unaweza kueleza jinsi mkono ulivyokwenda. Hauwezi kueleza kilichokuwamo katika ufa kabla mkono haujafika. Kwa ajili hiyo shahidi huyu husikilizwa kwanza, wala hasikilizwi peke yake.

Wenye kalamu hawana haki ya kumcheka kijana wa Nachingwea. Sentensi nazo huungwa, na zaweza kulala safu kama sarafu, kila moja ikiegemea mwenzake, sauti ikipanda na kushuka kwa kipimo, hata msomaji akapitisha kidole juu yake akasifu. Aliyeiandika huenda aliuona mstari mwembamba katikati: hoja isiyofuata hoja, ushahidi uliochukuliwa bila ya kusafishwa, neno lililowekwa kwa kuwa lilipendeza. Akatazama grenda, akatazama kazi yake, akachukua kopo la rangi. Mzigo wa maandishi ukianguka hauvunji mguu wa mtu mbele ya macho ya mwandishi, na hiyo ndiyo sababu mwandishi huchelewa kujifunza kuliko mchomeleaji.

Mpwa amekwisha rudi Ruangwa, kwa mama yake, na amefungua karakana yake mwenyewe. Ana mwanafunzi mmoja. Mwanafunzi huyo alipopata kwa mara ya kwanza mshono ulionyooka, mzuri, usio na kasoro ya kuonekana, alimwita bwana wake kwa furaha aje autazame. Fundi alikuja, akainama, akausifu kwa haki yake. Kisha akamwambia, "Lete jiliwa."